Mkate Bila Chumvi

Saa tisa usiku, Kutaisi imelala.
Mimi naamka. Hapana, siamki,
maana kuamka kunataka kwanza mtu alale.
Navaa aproni, nashuka ngazi, nawasha moto.
Mikono inaikumbuka kazi ambayo mimi nimeisahau.

Tanuri letu ni la udongo, la mviringo kama kisima,
na mkate tunaubandika ukutani, ndani kabisa,
kiwiliwili kizima kikizama kwenye joto.
Baba alinifunza: ingia, bandika, toka.
Usikawie. Moto hauna udugu.

Zabibu zilipokwisha kuvunwa sikuwa na huzuni.
Nataka mlijue hilo. Sikulia hata siku moja.
Ilikuwa kama redio ya jirani:
naisikia inasema, siambulii neno.
Lamara alicheka mezani, nikayaona meno yake,
nikajiambia, hapo inafaa ucheke,
nikacheka nimechelewa,
kama mtu apigaye makofi ukumbi umeshanyamaza.

Nilisema ni uchovu. Nilisema ni magoti.
Nilisema ni bei ya unga.
Mwanamume wa mtaa wetu akiulizwa hali
hujibu "njema" kabla swali halijaisha.

Asubuhi moja nilizama tanurini
na sikutoka upesi.
Si kwamba niliamua jambo.
Sikuona tu sababu ya kuinuka.
Nyusi ndizo zilizonitoa, harufu ya nywele zinazoungua.
Sikumwambia mtu. Niliuza mikate mia mbili,
nikarudisha chenji sawasawa.

Kisha akaja Tsiala, mshona makoti wa ghorofa ya juu,
anayenunua mikate miwili kila siku tangu mumewe afe
(mmoja anakula; wa pili sijawahi kuuliza).
Alingoja foleni iishe.
"Anzori, mkate wako hauna chumvi."
Wa leo?
"Wiki ya tatu sasa."
Kumbe mtaa mzima ulijua.
Walikuwa wakinunua, wakienda kunyunyiza chumvi makwao, kimya,
kama wapitao kwa ncha za vidole mlangoni pa mgonjwa.

Nikamega. Nikatafuna.
Sikuweza kubisha wala kukubali,
ulimi wangu ulikuwa kipande cha turubai.
Ndipo nilipojua.

Daktari Eteri alikuwa na mafua na shali ya kijani.
Aliuliza usingizi, aliuliza chakula,
aliuliza kama kuna siku nilitamani nisiwepo.
Nikamwonyesha nyusi.
Hakushtuka. Aliandika, akalitaja jina: sonona.
Nililitazama neno lile
kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mwizi
akagundua amekuwa akila naye chajio.

Vidonge havikuwa muujiza.
Wiki mbili za kwanza vilinipa kichefuchefu na ndoto za samaki.
Kila Alhamisi nilikwenda kuzungumza;
mara nyingine nilinyamaza saa nzima, nikaulipia ukimya.
Lamara alishika tanuri na mpwa wetu Gocha,
ambaye mikate yake ilitoka na umbo la viatu,
na watu wakainunua hivyo hivyo.
Mwezi Machi nilianguka tena,
siku nne kitandani, uso ukutani.
Tsiala alipanda na sufuria ya supu
asiseme lolote la hekima.
Alisema koti langu limefumuka begani.
Akaondoka nalo.

Sijapona kama wanavyopona watu wa hadithini.
Zipo asubuhi ambazo ngazi zinaongezeka.
Lakini jana, alfajiri, nikikanda,
nililamba kidole kwa mazoea tu,
nikasimama.

Chumvi.

Nyingi mno! Gocha ametia mara mbili, mpumbavu yule!
Nikagomba. Nikagomba kwa sauti
mpaka Lamara akashuka pekupeku kuuliza kuna nini,
akanikuta nimekasirika, nimekasirika kwelikweli, kwa ajili ya kitu,
akaketi juu ya gunia la unga
akaanza kulia.